Mshauri Aliyewahi Kuugua: Umwambie Nini Mteja, Lini, na kwa Namna Gani

Ukiwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia, na wewe mwenyewe umewahi kuugua sonona, kuandamwa na hofu za ghafla, au kupita kipindi ambacho kuinuka tu kitandani kulikuwa kazi, ipo siku mteja ataeleza kitu unachokijua nje ndani, na maneno yatakufika mdomoni: "Hata mimi yalinikuta." Ukiyasema vizuri, yanaweza kumwondolea mtu aibu aliyoibeba miaka mingi. Ukiyasema vibaya, kikao chake kinageuka kuwa chako, naye anaondoka akiwa na mtu mwingine tena wa kumhurumia.

Kwa muda mrefu jibu la taaluma lilikuwa kunyamaza. Mwaka 1912 Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchambua nafsi kwa mazungumzo, aliwashauri madaktari wawe kama kioo, wasimwonyeshe mgonjwa chochote isipokuwa kile anachokionyesha yeye mwenyewe. Mwenzake Sándor Ferenczi alikwenda upande wa pili kabisa. Shajara yake ya mwaka 1932 inaeleza jinsi alivyojaribu kubadilishana nafasi na mgonjwa, mara huyu anachambuliwa, mara yule. Moja ya mambo yaliyomkwaza lilikuwa la kikazi tu: kama mtaalamu atasema kila kinachopita akilini mwake, na wagonjwa wake wengine wamo humo humo akilini, siri zao zitalindwaje? Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers, katika makala yake ya mwaka 1957, alisisitiza kwamba mtaalamu awe mtu wa kweli mbele ya mteja, asijivike sura isiyo yake. Lakini hata yeye hakuwa na maana kwamba mtaalamu amwage kila alilonalo moyoni.

Utafiti mmoja mdogo uliochapishwa mwaka 2001 unafaa kukumbukwa hapa. Ulihusu wateja 36 katika kliniki ya chuo kikuu. Kila mtaalamu aliyekuwa mafunzoni alikuwa na mteja mmoja aliyemweleza zaidi habari zake na mwingine aliyemweleza kidogo. Walioelezwa zaidi walisema dalili zao zimepungua zaidi, na walimpenda zaidi mtaalamu wao. Lakini waliokuwa wakiwaeleza hawakuwa wakijisimulia tu: walisema pale mteja mwenyewe alipogusa jambo linalofanana na lao. Hapo ndipo ninaposimama mimi pia. Kipimo changu ni kimoja: dakika mbili baada ya wewe kunyamaza, ni nani anayezungumziwa chumbani? Kama ni mteja, ulichosema kina nafasi ya kumsaidia. Kama ni wewe, kimekwenda kombo hata kama ulikisema kwa nia njema.

1. Jipime mwenyewe kwanza

Kazi hii inafanyika kabla mteja hajagonga mlango. Kaa na jambo lako lile lile ambalo unafikiri siku moja utalisema, ulitamke kwa sauti ukiwa peke yako, kisha ulitamke mbele ya msimamizi wako wa kitaaluma. Sikiliza sauti yako. Ikitetemeka, ukajikuta unaongeza maelezo, unajitetea, au unatamani yeye akwambie pole, basi jambo hilo halijapoa. Halina budi kubaki kwa mtaalamu anayekutibu wewe, kwa sababu huko ndiko una haki ya kulia na kupewa pole.

Usihesabu miaka. Wapo waliougua zamani na jambo bado linawaka, na wapo waliopata nafuu mwaka jana tu lakini wameshalitazama pande zote. Unachotafuta ni uwezo wa kulisema kwa sentensi mbili, ukaulizwa swali gumu juu yake, na bado ukabaki na utulivu wa kumsikiliza mwingine.

Kama unaumwa sasa hivi, swali ni jingine kabisa. Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kifungu 2.06, zinamtaka mwanasaikolojia asianze kazi pale anapojua matatizo yake binafsi yanaweza kumzuia kuifanya kwa ustadi, na akiyaona yameanza kumwathiri akiwa kazini, atafute ushauri wa kitaaluma na aamue kama apunguze kazi, aisimamishe au aiache. Kwa hiyo ukiwa katikati ya ugonjwa, wa kuambiwa ni msimamizi wako na daktari wako. Mteja haambiwi ili akuvumilie.

2. Gawa habari zako mafungu matatu, kwa maandishi

Chukua karatasi. Fungu la kwanza: mambo ambayo hayakusumbui hata yakitangazwa sokoni. Fungu la pili: mambo unayoweza kumwambia mteja fulani, kwa sababu fulani, baada ya kufikiri. Fungu la tatu: mambo ambayo hayatoki kamwe.

Unapogawa, kumbuka jambo ambalo washauri wengi hulisahau. Wewe umefungwa na wajibu wa kutunza siri, mteja hajafungwa. Atakachosikia kwako ana haki ya kukipeleka nyumbani, kazini, hata mahakamani. Usimwambie mtu habari kisha ukaongeza "hii ibaki kati yetu". Hapo umemtwisha siri yako, na siri ni kazi. Yeye alikuja kutua mizigo. Kama habari ikitoka itakuharibia, iko fungu la tatu na isogee huko mara moja.

Katika fungu hilo la tatu mimi ningeweka pia namna uliyojidhuru au uliyojaribu kujiua, kwa undani wowote ule, maana undani huo unaweza kumfundisha njia mtu aliye hatarini. Ningeweka jina la dawa iliyokusaidia na kipimo chake, kwani mteja ataacha aliyoandikiwa na daktari wake akaifuate ya kwako. Ningeweka mawazo ya kujiua uliyonayo leo. Na ningeweka habari za mwenzi wako, wazazi wako na watoto wako: ugonjwa wako ni wako, lakini kilio cha mama yako siku ulipolazwa ni mali ya mama yako, naye hakukupa ruhusa ya kukitumia kazini.

3. Mtazame huyu mteja, si wateja kwa jumla

Wapo ambao maneno yako yatawafaa. Mara nyingi ni yule aliyeamini kwamba kuugua akili ni mwisho wa heshima yake, anayesema "watu kama sisi hatuponi", au anayedhani wewe unamsikiliza kutoka juu, kama mtu ambaye hajawahi kukwama popote. Huyo akijua kwamba mtu anayemheshimu alipita njia hiyo na anaendelea na maisha, kitu kinaweza kulegea ndani yake ambacho maelezo ya kitabibu hayakukigusa.

Wengine utawaumiza. Wa kwanza ni yule aliyelelewa akiwa mlezi wa wazazi wake: mtoto aliyekuwa akimbembeleza mama anayelia, akimficha baba mlevi, akisoma uso wa kila mtu kabla ya kusema njaa yake. Mtu huyu amekomaa katika kuhudumia. Mwambie kwamba uliwahi kuugua, na kuanzia kikao kijacho atakuwa anakuchunguza kama umelala vizuri, na yale mabaya zaidi atakuficha ili asikulemee. Kwa nje ataonekana mteja mzuri kuliko wote, kumbe tiba imesimama.

Mwingine ni aliye kwenye hatari ya sasa hivi, anayefikiria kujiua au kujidhuru. Kwake huu ni muda wa kuuliza maswali ya usalama na kupanga ulinzi. Historia yako ingoje. Mwingine ni yule ambaye mipaka kwake ni ya shida: anayekutafuta usiku, anayetaka muwe marafiki, anayehisi nyinyi wawili mmeunganishwa na kitu cha siri. Habari zako atazisoma kama mwaliko. Na yule ambaye ugonjwa wake unamfanya aone watu wanapanga mambo juu yake, usimpe vipande vya maisha yako avifumie humo.

Katika vikao vya mwanzo ni bora kutosema kitu. Bado humjui, naye hajajua ulichobeba kina uzito gani.

4. Jiulize: ni kwa ajili ya nani?

Swali hili ni fupi na linachosha kwa kurudiwa, lakini hakuna la kulipita. Hamu ya kusema huja na nguvu zaidi pale unapohisi hufiki popote na mteja, anapokushutumu kwamba humwelewi, au unapokuwa umechoka na unatamani kuonekana. Hizo zote ni haja zako. Ukiona hamu imekuja ghafla na ina joto, acha kikao kipite, mpelekee msimamizi, rudi nayo wiki ijayo kama bado inaonekana na faida. Jambo lenye manufaa kwa mteja haliozi kwa wiki moja.

Jiulize pia kama kuna njia nyingine ya kufika pale pale. Mara nyingi ipo. Unaweza kusema, "Watu wengi waliopita hali hii hueleza hivyo hivyo," na aibu ikapungua bila wewe kuingia kwenye hadithi. Unaweza kusema unachohisi hapo hapo: "Ninapokusikia ukisema hivyo, moyo wangu unakuwa mzito." Hilo nalo ni kujiweka wazi, ila linahusu mlichonacho wawili chumbani, si maisha yako ya jana. Kwa mshauri anayeanza kazi, mimi ningemshauri ajizoeze hilo kwanza.

5. Sema kwa ufupi, kisha rudisha

Tuseme umejipima, mteja anafaa, sababu ni yake, na njia nyingine hazitoshi. Sasa ni maneno yenyewe. Chukua mwanamke aliyekuwa akija kwa muda. Ameandikiwa dawa za sonona na anaona haya kuzimeza. Anasema:

"Mshauri, nikizimeza ni kama nakubali kwamba nimeshindwa. Wewe huwezi kuelewa."

Jibu la kwanza, la kuepuka:

"Naelewa sana. Mimi nilipougua nilikuwa nimetoka kazini, mambo ya nyumbani yameharibika, nikakataa dawa miezi mingi, mume wangu akanisihi, hatimaye nikakubali na zikanisaidia mno. Na wewe zitakusaidia, utaona."

Tazama yaliyotokea. Mume ameingia chumbani. Kazi imeingia. Mteja ameahidiwa matokeo ambayo hakuna mtu mwenye haki ya kuyaahidi, na swali lake halisi, lile la kushindwa, limeachwa sakafuni. Kibaya zaidi, sasa hawezi kusema kwamba dawa hazimsaidii bila kuhisi amekukosea wewe.

Jibu la pili:

"Kuna wakati na mimi niliumwa sonona, na kukubali kutibiwa kulinipa shida. Simaanishi kwamba shida yako na yangu ni moja. Nataka nielewe ya kwako: ukisema 'nimeshindwa', ni nani unamsikia akikwambia hivyo?"

Sentensi ya kwanza inatoa habari, ya pili inamwachia mteja uhuru wa kuwa tofauti na wewe, ya tatu inamrudishia kiti chake. Hakuna tarehe, hakuna jina la dawa, hakuna jamaa, na hakuna tamko la "nilipona" linalomfanya asiyepona ajione mvivu. Zizoee sentensi hizo tatu mdomoni mpaka zitoke bila kukimbia.

Baada ya hapo, nyamaza. Anaweza kulia, kushangaa, au kupita moja kwa moja kana kwamba hukusema kitu. Hilo la mwisho lina maana pia. Kabla kikao hakijaisha, uliza waziwazi: "Nilikwambia jambo langu mwanzoni. Limekaaje kwako?" Na kikao kinachofuata uliza tena, kwa sababu watu wengi hawana jibu mpaka wamelala nalo.

6. Akikuuliza yeye

"Samahani, mshauri, wewe umewahi kupitia hali hii?" Swali hili linawatisha wanafunzi wa ushauri kuliko swali lolote, na wengi hufundishwa kulirudisha: "Kwa nini unauliza?" Likitamkwa hivyo kavu linamfanya mtu ajione amevunja adabu. Mimi naona swali la heshima linastahili heshima.

Anza kwa kulipokea: "Nashukuru umeuliza." Kisha una njia mbili za kweli. Ukiwa umeamua kusema, jibu kwa sentensi moja kabla ya kuchunguza, ili asihisi kwamba analipia jibu kwa maelezo yake: "Ndiyo, niliwahi. Ungependa kujua nini kupitia jibu hilo?" Ukiwa umeamua kutosema: "Mambo yangu binafsi huwa siyaleti hapa, ili muda huu ubaki wako. Lakini naona swali lina uzito. Ukijua kwamba niliwahi, au sijawahi, kingebadilika nini?" Yote mawili ni sawa. Lisilo sawa ni uongo. Ukisema "hapana" na ni ndiyo, halafu akalijua kwa njia nyingine, atarudi nyuma na kupima upya kila ulichowahi kumwambia.

Nyuma ya swali mara nyingi kuna lingine: utaniona wa ajabu? utanichoka? nitapona? Sikiliza lipi limebeba hofu, ulijibu hilo. Mteja akishaona kwamba humuoni wa ajabu, huenda la kwanza asilihitaji tena.

7. Yale anayoyaona bila wewe kusema

Kovu mkononi. Mkono unaotetemeka. Likizo ya ghafla ya wiki kadhaa. Mwili uliopungua. Mambo uliyoandika zamani mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuyakuta. Haya yameshasemwa tayari. Kilichobaki kwako ni kuchagua kama utayapa maneno.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha tiba ya tabia ya kidayalektiki (tiba inayomfundisha mtu kumudu hisia kali bila kujidhuru), alikuwa na makovu mikononi. Mgonjwa mmoja aliyaona akamuuliza kama naye ni mmoja wa watu kama wao wagonjwa. Mwaka 2011 Linehan alirudi Hartford, Connecticut, katika hospitali ile ile aliyolazwa mwaka 1961 akiwa na miaka 17, akaeleza historia yake hadharani. Kati ya kulazwa kule na kusema kule ilipita miaka 50, na katikati yake alikuwa ameshajenga tiba nzima. Sikuelezi haya ili nawe usubiri nusu karne. Nayaeleza kwa sababu alichagua mahali, wakati na wasikilizaji, na yale aliyoyasema hayakuwa yakimtegemea mtu yeyote pale amtunze.

Kuhusu likizo ya ugonjwa, mteja anahitaji kujua mambo matatu: utarudi lini au lini atapata habari, nani atamhudumia wakati haupo, na kwamba si yeye aliyekuumiza. Hilo la tatu lisemwe kwa maneno, maana wapo wanaoamini wamewachosha wote waliowakaribia. "Nilikuwa na tatizo la kiafya, nimepata matibabu, na halikutokana na kazi yetu" inatosha, mradi ni kweli. Jina la ugonjwa si lazima.

Mtandaoni, jitafute kwa jina lako kama mteja angekutafuta. Utakachokikuta, amua leo utakijibuje.

8. Kazi yako inataka nini?

Yaliyotangulia yanamhusu mshauri wa kawaida. Kama wewe ni mhudumu rika, yaani umeajiriwa hasa kwa sababu uliwahi kuugua, basi kusimulia ni sehemu ya kazi na mteja anakutarajia usimulie. Vilevile kwenye makundi ya watu wanaoacha pombe, utamaduni ulioanza mwaka 1935 kati ya walevi wawili waliosaidiana huko Akron, Ohio, husimama juu ya mtu kumweleza mwenzake yaliyompata. Tiba ya Linehan nayo inampa mtaalamu nafasi ya kujitolea mfano kwa makusudi. Mafungu matatu bado yanakuhusu, na swali la "kwa ajili ya nani" pia. Kinachobadilika ni kiasi tu.

Fuata vilevile kanuni za mahali unapofanyia kazi na za bodi iliyokusajili. Uliza kabla, usingoje malalamiko.

9. Andika, kisha mwambie msimamizi

Siku hiyo hiyo, andika kwenye faili la mteja kwamba ulimweleza jambo lako, kwa sababu gani ya kitabibu, na alilipokeaje. Undani wa ugonjwa wako usiuandike humo. Faili ni lake. Kikao cha usimamizi kinachofuata, lisimulie hata kama lilikwenda vizuri. Jambo ambalo unajikuta hutaki msimamizi alijue ndilo la kuanza nalo.

10. Likiharibika

Utajua. Anaanza kikao kwa "unaendeleaje, umepumzika?" na anangoja jibu la kweli. Anaacha kuleta mambo mazito. Anajilinganisha: "Wewe uliweza, mimi siwezi." Anachelewa, anaahirisha. Au anakwambia kinagaubaga kwamba hakutaka kujua.

Usilipite kimya, wala usimwombe akusamehe mpaka alazimike kukufariji. Lilete wewe, mapema katika kikao: "Wiki ile nilikueleza jambo langu. Nimeona tangu hapo umekuwa ukiniuliza hali yangu. Niko salama, nina watu wanaonihudumia, na si kazi yako kunibeba. Ningependa kusikia lilikufanya uhisi nini, hata kama ni hasira." Halafu upokee hasira hiyo bila kueleza nia yako ilikuwa njema. Akisema angependa kuendelea na mtaalamu mwingine, msaidie kumpata, na hakikisha miadi yake ya kwanza huko imepangwa kabla hamjaagana.